Uso unang'aa, jicho linazimika: tusome jina la mafuta ya chunusi



Kila siku ya posho, kipindi cha afya kinapomalizika, simu ya redio inajaa ujumbe. Vijana wanauliza juu ya chunusi: zinatoka wapi, zinaisha namna gani, dawa gani ni nzuri. Wazee wanauliza juu ya macho. Maswali hayo yalikuwa yanatufikia kama mambo mawili yasiyojuana: chunusi ni ya wasichana na wavulana, macho ni ya wazee. Leo naandika kwa sababu nyumbani kwetu mambo hayo mawili yalikutana katika mwili wa mtu mmoja, mdogo wangu wa kike mwenye miaka 24. Amekubali niyaeleze, mradi nisitaje jina lake.

Alianza kutoa chunusi akiwa na miaka 16. Alijaribu limau, akajaribu dawa ya meno, akajaribu sabuni ya kufulia. Ngozi iliungua, chunusi zikabaki. Alipofikia miaka 20, rafiki yake wa masomo alimwonyesha tyubu moja ndogo inayouzwa sokoni kwa franga 2000. Alipaka asubuhi na jioni. Siku ya nne uso ulikuwa laini. Wiki ya pili rangi ilianza kung'aa, na watu wakaanza kumsifu kanisani. Nani angeacha dawa kama hiyo? Alipaka miaka 3, uso mzima, hadi kwenye ngozi ya juu ya macho, kwa sababu alitaka rangi ifanane pahali pote.

Hakusikia maumivu, na macho yake hayakuwa mekundu. Alisoma simu yake vizuri, hata herufi ndogo. Ila alianza kugonga bega la kushoto kwenye mlango. Anaweka sahani pembeni ya meza, sahani inaanguka. Mama alikuwa anamwambia, « Wewe mtoto, akili yako iko wapi? » Kisha siku moja, akivuka barabara, moto ilitoka upande wa kushoto na kumkwaruza mguu. Dereva alipiga honi, aliwasha taa, na kulikuwa mchana. Mdogo wangu alisema hakuona kitu. Watu waliokuwa pale walicheka, wakafikiri anajitetea.

Tulimpeleka kwa muganga wa macho. Alipima presha iliyo ndani ya macho, ile ambayo wengine wanaiita tansio ya macho. Kwa kawaida presha hiyo inakuwa kati ya 10 na 21. Jicho la kulia lilikuwa na 31, la kushoto 36. Muganga alitazama ndani ya jicho kwa taa yake, akanyamaza kidogo, halafu akauliza swali ambalo hatukulitazamia: « Binti, unapaka nini usoni? »

Alitoa tyubu katika mkoba wake. Muganga akageuza upande wa nyuma, akasoma maandishi madogo, akaiweka mezani. Palikuwa pameandikwa CLOBETASOL.

Klobetasoli ni dawa ya kweli. Iko katika jamii ya dawa zinazoitwa kortikoide, na kati ya zile za kupaka iko katika kundi lenye nguvu kuliko yote. Muganga wa ngozi anaweza kuiandika kwa ugonjwa mgumu wa ngozi, kwa muda mfupi. Karatasi inayokuja na dawa hiyo inasema isitumike zaidi ya wiki 2 mfululizo bila muganga kuangalia, na isipakwe usoni. Chunusi yenyewe imetajwa kati ya magonjwa ambayo dawa hii haipaswi kutibu. Lakini karatasi hiyo ni ya Kifaransa au Kiingereza, imekunjwa mara nane, na mara nyingi tyubu inafika sokoni bila karatasi.

Sasa, kwa nini chunusi zinaondoka haraka hivyo? Kwa sababu kortikoide inazima wekundu na uvimbe. Haifungui vitundu vya ngozi vilivyoziba, wala haiui vijidudu vilivyomo. Moto umefunikwa na majivu tu. Siku mtu anapoacha, uso unawaka: unakuwa mwekundu, unawasha, chunusi zinarudi kwa wingi kuliko zamani, na nyingi zinafanana kwa ukubwa. Basi mtu anasema, « Mnaona? Bila mafuta haya siwezi », na anarudi sokoni. Hapo ndipo wengi wamefungwa. Wiki moja inakuwa mwezi, mwezi unakuwa miaka, na macho yako karibu kabisa na pahali panapopakwa.

Niliomba muganga anieleze kwa maneno ambayo naweza kuyasema kwenye redio, mama anayeuza mboga ayaelewe. Alisema hivi. Ndani ya jicho kuna maji, si machozi, maji mengine. Maji hayo yanatengenezwa kila wakati na yanatoka kila wakati kupitia kichujio chembamba, kama maji ya mvua yanavyotoka uani kupitia mtaro. Kortikoide inapofika kule, kile kichujio kinaanza kuziba polepole. Maji yanaendelea kuingia lakini hayatoki vizuri. Presha inapanda. Nyuma ya jicho kuna mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na presha ile inaukandamiza siku kwa siku mpaka nyuzi zake zinakufa. Ugonjwa huo unaitwa glakoma. Nyuzi zilizokufa hazifufuki, kwa matone, kwa upasuaji, wala kwa miwani.

Jambo baya zaidi ni kwamba glakoma ya namna hii inaanza pembeni. Katikati panabaki safi. Mtu anasoma Biblia yake, anashona nguo, anahesabu franga bila shida. Na pale pembeni palipokufa, haoni doa jeusi la kumshtua. Ubongo unajaza pengo kwa yale yanayolizunguka, kama fundi anayeziba tundu la ukuta na kulipaka rangi ileile. Ndiyo maana mdogo wangu alisema hakuona kitu. Alikuwa anasema kweli.

Mafuta yanafikaje ndani ya jicho, wakati yamepakwa nje? Ngozi ya juu ya macho ni nyembamba kuliko ngozi yote ya mwili, na dawa inapenya upesi. Jasho linabeba mafuta ya kipaji cha uso hadi machoni. Usiku tunajisugua macho na vidole vilevile vilivyopaka. Kidogo kidogo, kila siku, kwa miaka.

Si kila anayepaka anapata shida hiyo. Majaribio yaliyofanywa tangu miaka ya 1960 kwa matone ya macho yenye kortikoide yalionyesha kwamba karibu mtu 1 kati ya 3 presha ya macho yake inapanda, na karibu watu 5 kati ya 100 inapanda sana. Wenye glakoma katika ukoo wako katika hatari zaidi. Matone yanaingia jichoni moja kwa moja, mafuta ya usoni yanaingia kwa njia ndefu, lakini kichujio kinachoziba ni kilekile. Na hakuna anayeweza kujitazama kwenye kioo na kusema, mimi si kati ya hao.

Kuna shida ya pili: mtoto wa jicho. Tunamjua kwa wazee, lakini kortikoide inaweza kumleta kwa kijana. Anakaa upande wa nyuma wa lensi ya jicho, na dalili yake ya kwanza ni jua au taa ya gari kumsumbua mtu kupita kiasi, mwanga unatawanyika mbele yake. Huyu angalau anatolewa kwa upasuaji, na mtu anaona tena. Glakoma haina bahati hiyo.

Kisha mambo ya mdogo wangu, nilienda Kigonze. Nilitaka kujua kama mafuta hayo yanafika hata kambini, kule watu wanapokosa unga. Yanafika. Nilikuta mama mmoja aliyekimbia Djugu akiwa na watoto wanne, ameweka meza ndogo mbele ya hema lake: chumvi, viberiti, sabuni, na vikopo vidogo vya plastiki vyenye mafuta meupe. Ananunua tyubu mjini, anazikamua, anachanganya na mafuta ya kawaida ya mwili, anapima kwa kijiko. Franga 500 kikopo kimoja. Hakuna jina juu yake, hakuna herufi hata moja.

Nilimweleza yote haya. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kikopo, akakifungua na kukifunga.

« Mwanangu, » akasema, « mimi pia ninapaka. Ningejua ni sumu, ningejipaka mimi mwenyewe? »

« Si sumu, mama. Ni dawa iliyokosa mwenye kuipima. »

« Na wasichana hawa wanaonunua, unajua kwa nini wananunua? Hapa mtu hana shamba, hana nyumba, hana nguo ya pili. Uso ndio anaobaki nao. Akiwa na uso safi, anaweza kwenda mjini kuomba kazi ya nyumbani, wanamkubali. Ukiniambia niache, niuze nini? »

Sikuwa na jibu la kumlisha watoto wanne. Nilimwomba mambo mawili tu: awaambie wateja wake wasipake karibu na macho, na aweke tyubu tupu mezani ili anayejua kusoma asome. La kwanza alikubali palepale. La pili alisema atafikiri. Nilipopita wiki iliyofuata, vikopo vilikuwapo bado, lakini tyubu mbili tupu zilikuwa zimewekwa pembeni yake, jina limegeuzwa upande wa mnunuzi. Kwa mama anayeishi kwa faida ya franga 100 kwa kila kikopo, hilo si jambo dogo.

Niseme na jambo la redio yetu, kwa sababu wengine mmeuliza kwa nini tangazo fulani halisikiki tena. Mfanyabiashara mmoja alileta tangazo la mafuta « yanayomaliza chunusi kwa siku 3 ». Redio ndogo inaishi kwa matangazo. Mafuta ya jenereta hayanunuliwi kwa salamu za wasikilizaji. Tulimwomba alete tyubu tuisome. Jina lilikuwa lilelile. Kwenye kikao cha wafanyakazi hatukukubaliana upesi: wengine walisema sisi si waganga, kazi yetu ni kusoma kile kilicholipiwa. Mwishowe tulirudisha pesa. Mwezi huo tulifunga mitambo mapema siku kadhaa. Nalieleza hilo mjue kwamba kusema ukweli juu ya mafuta haya kuna bei kwa kila mtu: kwa anayeuza, kwa anayetangaza, na kwa anayeacha kupaka na kubaki na uso unaowaka.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tusome majina. Usitazame picha ya mwanamke anayecheka, tazama maandishi madogo. Majina ya kuogopa usoni ni haya: CLOBETASOL, BETAMETHASONE, DEXAMETHASONE, FLUOCINONIDE, TRIAMCINOLONE. Kwenye tyubu za Kifaransa utaona herufi hizohizo, baadhi ya majina yakiwa na alama juu ya e. Kama hujui kusoma, mpe mtoto wa shule kazi hiyo, mwandikie majina hayo kwenye daftari. Na kikopo kisicho na jina, kiache.

Pili, kama umekuwa ukipaka usoni kwa miezi, nenda kituo cha afya na useme wazi: « Nimepaka mafuta yenye kortikoide usoni kwa muda huu, naomba mnielekeze wanapopima presha ya macho. » Usione haya. Muganga asipojua unachopaka, atatafuta sababu mbali. Unapoacha mapema, mara nyingi presha inashuka yenyewe baada ya wiki chache. Kadiri muda unavyokuwa mrefu, ndivyo inavyokuwa vigumu kushuka.

Tatu, waliopaka mwili mzima kwa muda mrefu wasiache kwa siku moja bila kuona muganga. Mwili umezoea kortikoide ya nje na umepunguza ile yake yenyewe. Ukikatiwa ghafla, mtu anaweza kuishiwa nguvu na kuanguka. Anapunguziwa hatua kwa hatua. Na yule wa usoni ajue mapema kwamba wiki za kwanza zitakuwa mbaya kabla ya kuwa nzuri, asije akarudi sokoni.

Nne, chunusi zina dawa zake. Iko moja ya kupaka inayoitwa peroksidi ya benzoili. Kwenye tyubu ya Kifaransa utasoma PEROXYDE DE BENZOYLE. Anza na ile ya nguvu ndogo, 2.5 au 5 kwa mia. Nayo ikiingia jichoni inachoma sana, ioshe kwa maji mengi, na inatoa rangi ya nguo na ya taulo. Lakini haipandishi presha ya jicho. Inataka subira: wiki 6 hadi 8 kabla ya kuona mabadiliko. Hapo ndipo tyubu ya franga 2000 inapoishinda, kwa sababu yenyewe inaahidi siku 4.

Tano, vidonge. Wengine wananunua doksisiklini bila muganga. Ni kweli waganga wanaiandika kwa chunusi nzito, kwa muda uliopangwa. Lakini mara chache inaweza kupandisha presha ya maji yanayozunguka ubongo. Hiyo si glakoma, ila nayo inaua macho. Ukiwa unaimeza na kichwa kinauma sana, unatapika, unaona vitu viwili viwili au ukungu, acha na uende hospitali siku hiyohiyo. Mwanamke mwenye mimba asiitumie. Kuna pia kidonge kinachoitwa isotretinoini, ambacho wengine wanaletewa na ndugu walio nje ya nchi. Kinakausha macho, na kinaweza kupunguza uwezo wa kuona usiku, wakati mwingine kwa ghafla. Dereva wa moto alijue hilo. Usikichanganye na doksisiklini wala na vidonge vya vitamini A, kwa sababu pamoja vinaongeza hatari ya ile presha ya ubongo. Na kinaharibu vibaya mtoto aliye tumboni. Kidonge hicho si cha kupeana kati ya marafiki.

Sita, matone ya macho. Ukiona jicho jekundu, usinunue matone yenye DEXAMETHASONE bila kuandikiwa. Yale yanapandisha presha haraka kuliko mafuta.

Na nyumbani unaweza kujipima kidogo. Funika jicho moja kwa kiganja, tazama mbele bila kusogeza jicho, na ndugu yako alete kidole chake polepole kutoka pembeni. Mwambie unapokiona. Fanya upande huu na upande ule, kisha jicho la pili. Upande mmoja ukichelewa kuliko mwingine, usingoje. Lakini ukiona vizuri pande zote na umepaka kwa miaka, bado nenda upimwe, kwa sababu kidole hakioni kile ambacho chombo cha muganga kinaona.

Mdogo wangu sasa anaweka matone kila jioni, na huenda atayaweka maisha yake yote. Presha imeshuka, 17 na 19 mara ya mwisho. Upande wa kushoto uliopotea haukurudi. Amejifunza kugeuza kichwa kabla ya kuvuka, na akitembea na mtu anamwomba akae kushoto kwake. Chunusi chache amebaki nazo. Juzi aliniambia niongeze jambo moja kwa wasichana wanaosoma haya: kwamba hakuna hata mmoja kati ya wale waliomsifu uso kanisani aliyeona tofauti alipoacha kupaka, ila yeye peke yake.

Siku ya posho ijayo, kipindi cha afya kitakuwa juu ya majina haya. Tutayasema polepole, herufi kwa herufi, ili muandike. Mwenye tyubu nyumbani aishike mkononi akisikiliza. Na aliye na jirani asiye na redio, amuite.